Mdomo wa Kikapu cha Mama

Nakumbuka Jumamosi moja kule Columbus, mwanangu, kabla sijawa huyu mama mzee mnayemkwepa kanisani mkiona anakuja na maswali yake. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, magoti yangu mazima, nimetoka Buffalo kwenye gari la kanisa nikiwa nimepakata kikapu kilichofunikwa kitenge.

Ninyi mnaojiandaa na mashindano ya mwaka huu mmeyakuta yamepangika, yana jezi, yana spika za muziki. Wakati ule tulikuwa Wakongomani wa miji mitatu tu ya Marekani, Louisville, Columbus na Buffalo, tunakutana kila kiangazi. Wanaume wanacheza mpira, wanawake wanasuka vikapu. Utaratibu ulikuwa hivi: kila mji unaleta kikapu kilichosukwa mwili mzima, kimebaki mdomo. Refa akipuliza mpira uanze, msukaji naye anaanza kufunga mdomo. Filimbi ya mwisho ikilia, mikono juu, na kikapu kilichobaki wazi hakihesabiwi. Aliyebuni jambo hilo simjui, ila nadhani alichoka kuona wanawake wanakumbukwa wakati wa sambusa tu.

Vikapu hivyo havikuwa vya majani. Majani ya kwetu hayaoti Bailey Avenue, mtaa wetu kule Buffalo. Tulisukia kamba za plastiki, zile zinazofungia maboksi ghalani, ambazo zikishakatwa hutupwa. Mimi nilifanya kazi kwenye ghala la namna hiyo, nikawa nampelekea mama yangu. Mama alisuka karibu na dirisha, theluji inaanguka nje, na mara kwa mara aliniita nije nione mdomo unavyofungwa. Nilisema kesho. Kesho ilikuwa na ovataimu. Kisha akaugua, akafariki, akaacha kikapu kimoja kimekamilika mwili, kamba zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyetoka kulala.

Sasa sikia shida yangu. Kwetu kikapu cha marehemu hakitupwi, hakitumiwi kikiwa wazi, na hakimaliziwi na mkono mwingine ila wa mwanawe. Mama hakuwa na mwana mwingine aliye hai, na mimi sikujua kukifunga. Kikakaa jikoni miezi na miezi. Niliumia, sikufichi, kuna siku nilikigeuzia ukutani nipate kula. Nilitafuta kwenye simu nikaona watu wa nchi nyingine wakifunga vikapu vyao vizuri tu, lakini mdomo wa mama ulikuwa msuko unaojizungusha mpaka usijue ulianzia wapi. Aliyebaki akiujua ni mtu mmoja, Koko Mwamini wa Louisville, bibi aliyetoka mlima mmoja na mama. Nayo macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ndiyo sababu sikutaka kungoja kiangazi kingine.

Nilipofika uwanjani nikaenda kwa watu wa Louisville. Kiongozi wa wanawake wao alikuwa Mama Sifa, binti ya Koko mwenyewe, mtu wa mtaa wa Newburg, mchangamfu, sauti yake haihitaji kipaza sauti. Alinipokea vizuri, akanipa soda, akanipa pole ya msiba. Mficha uchi hazai, nikafunua kikapu na kumweleza. Akakifunika tena haraka.

"Bon, mudogo wangu," akasema, "mama iko na kazi leo. Acha mashindano iishe kwanza, atakuonesha."

"Gari yetu inarudi mupira ikiisha tu, mama."

"Donc," akasema, yaani basi, "mwaka kesho."

Akufukuzaye hakwambii toka. Louisville walishinda kila mwaka kwa mdomo ule, na Mama Sifa alikuwa anaona mbali: leo ukimwonyesha huyu wa Buffalo, kesho anakuja kukushinda. Usimwone mbaya, mwanangu. Tabia hiyo tulitoka nayo kambi ya wakimbizi sote. Kule kijiji kimoja cha kambi kilishindana na kingine, wageni wakija na kamera zao wanampa sabuni mwenye kikapu kizuri, basi ukibuni msuko mpya unausukia chini ya shuka, jirani asiuone. Tulipopanda ndege kuja huku tuliacha masufuria, tabia tukaja nayo.

Mpira ukaanza. Kipa wa Louisville alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja, akafungwa bao anapiga miayo, na mpaka leo ukimtania hilo hacheki. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha Koko nikijaribu kuiba kwa macho. Vidole vyake vilikwenda mbio, na yeye hata havitazami. Sikupata kitu.

Wakati wa mapumziko Koko akauliza ni nani anayelia nyuma yake. Sikujua kwamba nalia. Mama Sifa akajibu kwamba ni mtu wa Buffalo tu. Koko akanyoosha mkono, nikampa kikapu. Akakipapasa kitako, akakipapasa mbavu, akataja jina la mama yangu. Mimi nilikuwa sijalitaja.

Akaweka kikapu chake chini kwenye majani. Refa alikuwa anaita timu zirudi.

"Mama, filimbi!" Mama Sifa akapiga kelele. "Tutapoteza!"

Koko hakupandisha sauti. "Mama ya huyu mutoto tulikuwa tunakata majani naye mu bonde moja. Leo unaniambia iko mutu wa Buffalo? Na weye, mutoto wangu mwenyewe, haujaikala hapa hata siku moja uone. Unanichunga tu. Nikikufa na hii kazi mu vidole, mutaenda kuifukua mu kaburi?"

Nilidhani Koko atakimalizia cha mama ingawa desturi inakataa, nami nilikuwa tayari kushukuru na kwenda zangu. Akanirudishia mapajani.

"Hapana. Kikapu ya mama yako, mukono yangu haiwezi kuimaliza. Kamata."

Akanifundisha mwenyewe, vidole vyake juu ya vyangu. Nikikosea anafumua bila kusema neno, tunaanza tena. Aliwaita na wasichana wa Louisville wasogee waone, lakini kila mmoja alimtazama Mama Sifa kwanza, na hakuna aliyekaa. Filimbi ya mwisho ikalia, kikapu cha Koko kiko wazi palepale chini. Columbus wakashinda, wakarukaruka na kombe lao la plastiki. Mama Sifa akaenda kupakia masufuria kwa kishindo. Dereva wetu akapiga honi, kisha akatuona, akazima injini.

Nilipomaliza, Koko akazungusha kidole mdomoni mwa kikapu mpaka kikarudi kilipoanzia. "Imepinda," akasema, "lakini imefungwa."

Nikalia tena, safari hii najua.

Macho ya Koko yalizimika majira ya baridi yale yale, na kabla ya kiangazi kingine akafariki. Tulimpigia simu Mama Sifa kumpa pole, akashukuru kwa ufupi. Ikapita miezi. Siku moja simu yangu ikalia nikiwa nafua nguo, namba ya Louisville. Alikuwa yeye. Sauti ile ya kuita uwanja mzima ilikuwa ndogo, ikanibidi nizime mashine ya kufulia ndipo nisikie. Koko alikuwa ameacha kikapu, kile cha Columbus. Macho yalimwacha kabla hajakifunga.

"Miye njo mutoto wake," Mama Sifa akasema. "Na sijue."

Mwanangu, nitakwambia kweli, ulimi wangu ulikuwa na jibu tayari, tena kwa maneno yake mwenyewe: Donc, mwaka kesho. Lilikuwa tamu. Nikalimeza, nikamwambia atoe kamba zake kabatini, nakuja. Nikapanda basi mpaka Louisville, tukakaa sakafuni kwake Newburg, yeye na mwanawe Sifa na majirani wawili watatu. Sikukigusa kikapu cha Koko. Niliweka vidole vyangu juu ya vya Mama Sifa tu. Alipofika mwisho aliegemea ukuta, akamlilia mama yake kama vile habari za kifo ndiyo kwanza zimemfikia, na sote tukamwacha alie.

Basi shikeni haya, ninyi mnaokwenda Columbus. Shindaneni, kushindana si dhambi, na mkimwona yule kipa mnisalimie. Lakini anayekuja kukuuliza kazi ya mikono, hata akiwa na jezi ya mji mwingine, msogezee kiti, maana hujui ni nani atakayemfundisha mwanao utakapokuwa hupo. Na wewe ambaye mama yako anakuita jikoni, au baba yako anakuita gereji, halafu unamjibu kwa Kiingereza kwamba baadaye, inuka uende sasa hivi. Ovataimu itakuwepo hata wiki ijayo.

Mungu wa wazee wetu awape vidole vyepesi na masikio ya kuitika. Awafikishe salama na awarudishe salama. Na wazazi wenu watakapofumba macho, wawaachie kazi mnayoijua. Amina.