Mfupa Mpya wa Madam

Madam wangu wa mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, alikuwa mjane mnene, mpole akilala, mkali akiamka, na mgongo wake ndio uliotawala ile nyumba. Ukimbana, kahawa ilirudi jikoni bila kuguswa nasi tukatembea kwa kunyata. Mwishowe mwanawe aliyeishi Riyadh akamtafutia daktari huko, nami nikapandishwa ndege pamoja na mito yake.

Daktari alinieleza kwa Kiingereza, kwa kuwa mimi ndiye ningemuuguza na Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zikisagana, naye angeziunganisha ziwe kitu kimoja. Zamani, alisema, mgonjwa alikatwa kipande cha mfupa nyongani, kikapachikwa mgongoni. Yeye angeweka sponji iliyoloweshwa protini inayouamuru mwili uoteshe mfupa mpya pale. Nikamuuliza kama mwili husikia.

"Mara nyingi husikia," akasema, "lakini mfupa hauna haraka. Kwa miezi kadhaa asiiname, wala asibebe kitu."

Mwanawe alipomtafsiria, madam alilia. Nilimshika mkono kwa huruma ya kweli, ingawa tangu nifike kwake sikuwahi kumwona akibeba kitu kizito kuliko simu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Tulirudi Jeddah madam akiwa amefungwa mkanda mgumu kiunoni, na amri ya kutembea kila siku. Basi nikawa namtembeza ndani ya nyumba yake mwenyewe: kwanza sebuleni, kisha ukumbini, hadi siku moja tukafika jikoni, akapatazama kama mgeni. Akauliza mlango wa nyuma unaelekea wapi. Nikamwambia ni kwangu.

Akaufungua. Ilikuwa stoo: magunia ya mchele, mashine mbovu ya kufulia, na kigodoro changu juu ya saruji. Akakigusa kigodoro kwa ncha ya kiatu.

"Nawe mgongo unakuuma?"

Nilishamwambia mara nyingi, nikapewa tembe. Ila siku hiyo aliuliza mwenyewe.

"Unauma, madam. Hasa nikikuinua."

Sijui nani kati yetu alishtuka zaidi. Tukarudi sebuleni taratibu. Kesho yake dereva, Mkenya mwenzangu, akaniletea kitanda na godoro nene. Alipokuwa akikifunga skrubu alininong'oneza kwamba ningejikaza kidogo tu, ningeletewa na protini.

Miezi ikapita. Picha za eksirei zikaonyesha mfupa umeota na pingili zimeshikana. Peremende zikagawiwa, na madam akawapigia dada zake wote kuwaeleza jinsi alivyojitahidi. Kisha akaona nyumba imechakaa wakati wa ugonjwa wake, akaamuru mazulia yote yatolewe yafuliwe. Akaja mwenyewe, wima kama mlingoti, kunisimamia.

"Usipinde mgongo," akanifundisha. "Kunja magoti. Ndivyo alivyosema daktari."

Nikakunja magoti. Zulia lilikuwa zito vilevile.