Injini Iliyolia Beni na Kunyamaza Butembo

Niliingia Beni nikisukuma baiskeli ambayo matairi yake nilikuwa nimeyajaza majani makavu, kwa sababu mipira ya ndani ilikuwa imekwisha njiani. Nilitoka Kisangani vita ilipofika mtaani kwetu, nikafuata barabara ya msituni: Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda. Ilikuwa barabara kwa jina tu. Malori yaliyonasa humo zamani yalikuwa yameotwa na miti katikati ya viti vyao. Nilitembea na wachuuzi wa chumvi na mafuta ya mawese, tukilala pale tulipokubaliwa na kukwepa pale tulipoambiwa tukwepe. Nyuma ya baiskeli nilikuwa nimefunga begi la nguo na spana za mjomba wangu, aliyenifundisha ufundi nilipomaliza sekondari.

Mtu wa kwanza kunisemesha Beni alikuwa mama mmoja mjane. Alikuwa ameketi nyuma ya meza yenye chupa za petroli, ambayo huko huitwa esansi, kando ya barabara ya kwenda Butembo, hatua chache kutoka kizuizi cha askari.

"We kijana," akaniita, "hiyo velo yako inakulaka majani sawa mbuzi?"

Nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu nitoke kwetu. Akanipa chai na viazi vitamu, akaniacha nilale kwenye jiko lake la nje hadi miguu ilipopona. Nilimwona akifanya kazi. Kila asubuhi aliimimina esansi kupitia kitambaa cheupe, akaikung'uta ile takataka chini, ndipo akajaza chupa. Watoto wake walisoma kwa masista, na karo yote ilitoka kwenye meza ile. Nilipoweza kutembea vizuri alinielekeza kwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, aliyekuwa na garaji Butembo. "Mwambie ni miye nimekutuma. Atanung'unika, lakini atakupa kazi."

Ilitokea hivyo hivyo. Alinung'unika, akanipa kazi. Nilimwita patroni, yaani bosi, kama wote.

Butembo iko juu milimani. Asubuhi ukungu unalala barabarani na mafundi wanaota moto wa vipande vya mbao kabla ya kushika chuma. Niliizoea haraka, na kwa tabia yangu, nikishaizoea sehemu naanza kuangalia barabara inayotoka. Msimu mmoja wa mvua ulipopita nilikuwa nimeshafunga begi. Nilitaka kuteremka hadi Kasindi, kuvuka mpaka, kuona kilicho mbele. Nikashuka Beni kumuaga yule mama, nikamkuta amekaa nyuma ya meza iliyojaa chupa, na hakuna anayenunua.

"Mzee wa kahawa ameniharibu," alisema.

Mzee wa kahawa tulimjua wote. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa misa kila siku, asiyedanganya kwenye mizani. Alikuwa na pikipiki moja kubwa ya safari, iliyoachwa misheni na msafiri wa Ulaya aliyekimbia vita ilipoanza. Ilikuwa na silinda mbili zilizojitokeza pembeni kama masikio, na tangi kubwa kama tumbo la ng'ombe. Alishuka nayo Beni kutafuta kahawa, akajaza tangi kwenye meza ya mama, akarudi. Na kila akianza kupanda kutoka Beni, injini ilianza kulia kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, alisema mbele ya wote kwamba yule mjane anachanganya esansi na mafuta ya taa.

Maneno yakafika kizuizini. Komanda wa pale, mkuu wa askari wa kizuizi, ambaye pikipiki zake nazo zilihitaji esansi, alimwambia mama kwamba soko kubwa linalofuata likifika kabla hajajisafisha, meza itaondoka na mapipa yatachukuliwa.

"Na batoto?" niliuliza, ingawa jibu nililijua.

Aliniwekea tone la esansi kwenye kiganja. Likakauka mara moja, ngozi ikabaki baridi na kavu. Mafuta ya taa yangeacha utelezi. Nikalimimina jingine kwenye karatasi. Halikuacha duara la mafuta.

Nilirudi Butembo na begi langu, nikalifungua. Sikuweza kupita Kasindi nikimwacha hivyo mtu aliyenipokea.

Nilipompelekea Mzee habari ya karatasi na kiganja, alitikisa kichwa. Hakuwa mkali. "Mwanangu, karatasi haipande mulima. Miye ninasikia kwa masikio yangu. Nikitoka kwake, inalia. Nifanye nini, niseme uongo?"

"Na ukifika hapa Butembo, Mzee?"

"Hapa inanyamaza."

"Umejaza tena njiani?"

"Nijaze wapi? Tangi hii inanipeleka mara mbili."

Jibu hilo nililala nalo. Esansi iliyolia chini ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ndani ya tangi ikiwa imenyamaza juu. Kama ingekuwa na mafuta ya taa, ingelia kote.

Injini inapobanwa, gia kubwa, mzunguko mdogo, mlima mbele, moto ndani unaweza kuwaka kabla ya wakati wake, ukaipiga pistoni wakati bado inapanda. Hizo ndizo kokoto. Ikiachwa hivyo, pistoni hutoboka. Esansi mbovu inaleta jambo hilo, lakini hata cheche inayowahi mno inalileta. Na kuhusu cheche, mtu aliyeipanga alikuwa patroni wangu.

Nilimwuliza kwa adabu, nikiwa nimeshika kikombe chake cha chai.

"Cheche niliisogeza mbele, ndiyo," alisema. "Hapa juu hewa ni nyepesi, motere inakosa nguvu. Ukiipa avansi kidogo, cheche iwahi, inapata nguvu. Pikipiki zote za Butembo nazifanya vile. Sasa umekuja toka Kisangani kunifundisha?"

"Hapana, patroni. Ninauliza tu: mara ya mwisho ulishuka Beni lini?"

Akakipokea kikombe. Tangu vita ianze hakuwahi kushuka. Aliogopa vizuizi, wadogo zake wawili walikuwa wamepotelea barabarani, na mmoja wao alikuwa mume wa yule mama. Alipanga injini za kwenda Beni akiwa mahali ambapo hewa ya Beni haipo.

"Lakini kama ni avansi," akasema baadaye, "mbona hailii wakati wa kwenda? Beni ni Beni, ukienda ao ukirudi."

Hapo ndipo nilipolazimika kumkumbusha jinsi sisi sote tulivyoendesha siku zile. Esansi ilikuwa ya taabu, hivyo ukitoka Butembo ulizima injini kwenye kila mteremko na kuiachia pikipiki iende yenyewe. Mzee naye alifanya hivyo, tena akijivunia. Aliingia Beni kimyakimya kama mtu wa velo, akasimama mezani, akajaza. Mara ya kwanza injini yake kubeba mzigo katika hewa nzito na joto la kule chini ilikuwa baada ya meza ya mama. Tena akapanda kwa gia ya nne, polepole, kuibembeleza esansi. Kila siku kokoto zilianza baada ya chupa zake. Ungekuwa wewe, ungemlaumu nani?

Patroni aliangalia moto. "Tukajaribu," akasema. "Miye nitapanda nyuma."

Nilijua lilimgharimu nini neno lile.

Mzee alikubali kwa sharti moja: tuimwage esansi yote ya mama, tujaze ya kwenye pipa lake mwenyewe, iliyokaa ghalani kwake, ambayo mjane hakuigusa. Tukafanya hivyo mbele yake. Kisha tukashuka, mimi mbele, patroni nyuma akinishika kiuno kwa nguvu kila tulipokaribia kizuizi. Askari mmoja kijana alimwuliza, "Papa, unaenda kuoa Beni?" Patroni akajibu, "Ninaenda kusikiliza." Askari akacheka, akatufungulia.

Hatukusimama mezani. Mama alituona tukipita, akainuka, akaketi tena. Niligeuza pikipiki mbele kidogo, nikaiwasha, nikaweka gia ya nne kama Mzee, nikaupanda mlima wa kutoka mjini.

Kokoto zikaanza. Kavu, za haraka, chini ya magoti yetu.

"Simama," alisema patroni. Aliteremka. Alisimama kando ya barabara akiutazama mji aliokuwa hajauona miaka yote ile, jasho likimtoka, kwa sababu alikuwa amevaa koti la Butembo. "Hewa ya huku ni nzito," akasema. "Niliisahau."

Alilivua koti, akaomba spana ya mjomba wangu, akakifungua kifuniko cha mbele cha injini na kuirudisha cheche nyuma, kwa upana wa ukucha. Tulirudi chini, tukapanda upya kwa gia ile ile. Injini ilivuta kwa shida, lakini bila kulia. Nikashusha hadi gia ya tatu, ikapanda kama inaimba.

Tukiwa njiani kurudi alinipigia kelele sikioni, upepo ukiyala maneno: "Shemeji yangu asiambiwe na weye! Nitamwambia miye!"

Alimwambia. Sikuwepo, na sikuuliza walisemeshana nini. Nilichokiona ni kwamba kuanzia hapo alishuka Beni mara kwa mara, bila koti, na cheche ya pikipiki ya mtu yeyote wa safari za chini aliipangia kule kule, karibu na meza ya shemeji yake.

Mzee alitusikiliza hadi mwisho, kofia magotini. Nilidhani atabisha. Alisema tu, "Nilisema mbele ya watu." Kisha akauliza soko kubwa la Beni ni lini, ingawa alilijua kuliko sisi.

Siku hiyo ya soko nilishuka asubuhi na begi langu. Lori la Kasindi lilikuwa linapakia kahawa upande wa pili wa barabara. Komanda alikuwa amesimama kizuizini na askari wake wawili, akiiangalia meza. Mama alikuwa amezipanga chupa zake zote, hata zile kubwa, kama mtu anayeandaa meza ya wageni. Patroni alikuwa amekaa kwenye jiwe, akijifanya anasafisha buji, ile plagi inayotoa cheche.

Pikipiki kubwa ilikuja ikiwa imezimwa, ikiteleza kimya, ikasimama mbele ya chupa. Mzee akafungua tangi, akageuka kuelekea soko, akasema kwa sauti ile ile ya mlangoni pa kanisa:

"Mama, nijazie. Mpaka juu. Na safari hii ikilia, basi ni miye mwenyewe niko ninalia."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo, kwa aibu. Mama hakucheka. Alimimina chupa baada ya chupa kupitia kitambaa cheupe, bila kumwaga tone. Alipomaliza akasema, "Wasingya, Mzee," asante ya Kinande, na akamtazama usoni hadi yeye akainamisha kichwa.

Dereva wa lori alinipigia honi. Mama alinifungia viazi vitamu katika jani la mgomba, akanishikilia mkono. "Uende na matairi ya kweli sasa," alisema.

Nilipanda juu ya magunia. Kabla hatujaondoka, Mzee aliwasha na kuanza kuupanda mlima wa Butembo, taratibu, kwa gia ya tatu. Mama, patroni, komanda, hata wauza ndizi, wote walinyamaza wakageuzia sikio upande ule. Lori letu lilikuwa bado halijawashwa. Tulisikiliza hadi alipopotea kwenye kona ya juu, na hakuna kokoto hata moja iliyolia.

Komanda akamwambia mmoja wa askari wake achukue chupa mbili za esansi, na amlipe mama.

Sijarudi tena Beni.