Mahali Anapolala Mama Maria

Léonard alikuwa na mkanda wa feni ya lori, mpira mgumu wenye meno upande mmoja, ambao aliutundika kwenye msumari ukutani karibu na rozari. Alikuwa fundi wa magari makubwa yanayokwenda mpakani Kasumbalesa, na fundi hakosi mikanda iliyochakaa. Mtu mwingine angefungia kuni. Yeye aliwafundishia watoto sala.

Si utani. Exaucée, binti yake wa miaka saba, alijifunza Salamu Maria kwa mkanda huo: neno likiruka, mkanda unashuka mgongoni, anaanza upya. Mdogo wake David, wa miaka minne, aliposinzia katikati ya rozari aliamshwa kwa pigo la mapajani, akajikojolea, akapigwa tena kwa kukojoa mbele ya Mungu. Mama yao, Honorine, akiingia kati hupokea fungu lake. Jumatano ya Majivu jino la mbele lilimtoka, akaenda kanisani kupakwa majivu huku anameza damu. Kwenye shirika, yaani ule umoja wa sala wa barabara yao pale Katuba, alisema ameteleza bombani. Wamama wakampa pole. Nusu yao walikuwa wameteleza kwenye bomba hilohilo.

Mambo haya hayakuwa mageni kwa Honorine. Babu yake alitoka Kongolo kuja kufanya kazi ya reli, baba yake akazaliwa Sakania kando ya reli hiyo, na wote wawili walisali sana na kupiga sana. Mama yake alimwambia kabla ya harusi kwamba mwanaume anayesali, angalau Jumapili unajua yuko wapi. Honorine akaolewa, akauza unga wa mahindi sokoni, akazaa, akanyamaza. Sifa yake ilikuwa sauti. Hakuna mwanamke Katuba aliyeimba kama yeye, na sauti hiyo ilikuwa na kazi yake: mkanda ukianza kulia kwa jirani, Honorine hupandisha wimbo ili wapita njia wasisikie kitu. Ndivyo wamama wa barabara ile walivyositiriana. Ukisikia wimbo umepanda ghafla, ujue kuna mtu anapigwa.

Mwezi wa tano, sanamu ya Bikira Maria hutembezwa nyumba kwa nyumba, wiki moja kila familia. Kila jioni shirika lote hukusanyika mahali alipo, na desturi ni kwamba nyumba anamolala Mama Maria hakuna ugomvi wala fimbo. Zamu ya Léonard ilipofika, yeye aliyekuwa kiongozi wa sala wa shirika, aliutoa mkanda msumarini na kuufungia kwenye sanduku la vyombo vyake vya ufundi.

Wiki ile hakupigwa mtu. David alisinzia kila jioni na hakuna aliyemgusa. Exaucée alikaa karibu na ile sanamu mpaka ikabidi aitwe kula.

"Mama," aliuliza, "Mama Maria akienda, papa atarudisha ile courroie ku musumari?"

"Sali tu, mama," Honorine akamjibu. Jibu la aibu, na alijua hivyo wakati linamtoka kinywani.

Jumapili alasiri wamama wa shirika walikuja na vitenge vyao vya buluu kumsindikiza Maria kwa Mama Marceline, jirani wa nyumba ya tatu. Kitambaa cheupe kilikuwepo mezani, mishumaa ilikuwepo, maua yalikuwepo. Maria hakuwepo.

Léonard alicheka kwanza, kicheko cha mtu mwenye wageni. Kisha akaona vidole vya Exaucée, vyeusi kwa makaa. Akamshika sikio, akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye sanduku.

Wimbo ukapanda.

Mama mmoja aliuanzisha, wengine wakaudaka, na Honorine, mama mzazi wa yule mtoto, akafungua kinywa akaimba nao. Mazoea ni kitu kibaya sana. Ubeti wa kwanza aliuimba wote. Ndipo David alipomvuta kitenge.

"Mama, Mama Maria iko mu mufuko ya makala. Dada Exaucée alimuficha asiende. Alisema akienda, papa atatupiga tena."

Sauti ikamkatika. Akatoka mbio.

Exaucée alikuwa chini, amejikunja, mikono kichwani. Gauni la Jumapili lilikuwa limechanika na damu inapita shingoni. Halii.

"Unamuweka wapi? Unanipatisha haya mbele ya bantu! Semaka!"

Honorine akajitupa juu ya mtoto. Pigo lililofuata lilimpasua shavu, la pili likampata sikioni, dunia ikawa mlio mtupu. Mkono wake ukapapasa ndani ya sanduku lililo wazi, ukashika spana ya magurudumu. Aliipeleka kwenye mkono uliokuwa umeinuliwa, kwa nguvu yote ya kubeba magunia ya unga. Mfupa ukalia. Léonard akapiga kelele, mkanda ukaanguka. Honorine akainua spana tena, na kama Exaucée hangemshika mguu, angemlenga kichwani. Alitaka. Alitaka sana.

Akaitupa. Akafungua mfuko wa makaa, akamtoa Maria, uso mweusi tii. Akambeba Exaucée mgongoni, David akashika kitenge, wakapita mbele ya shirika lote. Hakuna aliyekuwa akiimba tena.

Mama Marceline alitangulia kwake, maana mwenyeji mpya ndiye anayesimama getini na kuuliza. Aliliona lile shavu la Honorine, lakini akauliza kama desturi inavyotaka:

"Nani anatuletea Mama?"

"Ni siye. Na fasi analala, na siye tutalala."

Nyuma yao Léonard alikuja ameushika mkono wake uliovunjika.

"Mama Exaucée, rudia ku nyumba! Bantu banaangaria!"

"Baangarie," Honorine akasema bila kugeuka. Wiki nzima aliamini ni sanamu iliyomzuia mume wake. Kumbe ni wageni wa kila jioni, ni macho yao.

Mama Marceline alitupa jicho uani kwake, kwa mume wake aliyekuwa amekaa kwenye kiti na chupa yake ya bia. Kisha akafungua geti lote.

"Mama," Exaucée akanong'ona mgongoni, "hapa tutalala wiki moja tu?"

Safari hii Honorine hakumwambia asali.

"Wiki moja. Kisha tutaenda naye ku nyumba ingine, na ingine. Na kila fasi, mutu akiniuliza juu ya hii jino, nitamuambia nani aliitosha mu kinywa."