Masaji ya Julai kwa Kinyozi

Jumamosi nilimpeleka binti yangu kunyolewa Kawangware, Nairobi. Jirani yangu mmoja, anayefulia watu nguo, akaingia mikono imekakamaa kwa baridi, akakalia kiti cha kinyozi.

"Mama, hapa masaji ni ya wanaume," kinyozi akasema.

"Msimu huu mnawafanyia masaji gani?"

"Julai ni taulo ya moto, shingo na mabega. Jua likirudi, taulo ya baridi."

"Basi nifanyie ya Julai. Ya jua nitarudia."

Mteja mmoja akacheka. "Na mzee wako anajua uko hapa?"

"Yeye alikaa hapa jana. Nani alimuuliza kama mimi najua?"

Kinyozi akachovya taulo kwenye maji moto. Sisi wanawake huambiwa baridi ni ya kuvumilia, kumbe wenzetu hukandwa ikawatoka. Nilimwambia binti yangu atulie, maana baada ya jirani ilikuwa zamu yangu.