Kulala Vidunda Bila Umeme

Zuhura, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa anaolewa Vidunda, na walii wake ni mimi. Ndiyo sababu ya kuondoka Kilosa. Kilichonitia hofu ni usingizi. Nikilala koo huziba, pumzi hukatika, kwa hiyo hulala nimevaa barakoa iliyounganishwa na mashine inayosukuma hewa. Mashine hiyo inataka umeme, na shemeji yangu, mama Zuhura, alishanionya kwamba kule mlimani umeme ukikatika hurudi ukipenda wenyewe. Nikanunua betri ya kubeba.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi la Mikumi. Kondakta alitaka kuitia betri kwenye buti. Nikakataa, nikaipakata njia nzima.

Mikumi nilichukua chumba gesti. Usiku umeme ulikatika, betri ikapokea, sikushtuka hata kidogo. Kulipokucha nikaona imebaki robo. Kwa robo ile nisingefika hata usiku wa manane. Nilimpigia simu nesi aliyenifundisha kutumia mashine.

"Kile kitanki cha maji cha kulainisha hewa kwenye mashine ulikizima?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi ndicho kilichokula betri. Kinapasha maji moto usiku kucha. Kizime. Koo litakauka, lakini utapumua."

Umeme uliporudi, mhudumu alinigongea mlango. "Baba, chomeka haraka, hawaaminiki hawa watu wa umeme!" Hadi gari la Kidodi linaondoka, betri ilikuwa imevuka nusu.

Alasiri nilishuka Kidodi, nikapanda bodaboda hadi Vidunda, kona baada ya kona, betri mgongoni kwenye begi.

"Shikamoo, baba mdogo," Zuhura alinipokea, mikono imejaa hina.

"Marahaba, mwanangu."

Umeme haukuwepo. Shemeji aliitazama barakoa niliyoiweka kitandani.

"Hii ndiyo inazuia usikorome?"

"Ndiyo. Na nisikate pumzi."

Kaka alifariki usingizini, lakini shemeji hajawahi kunisimulia usiku ule. Sasa alisema, "Alikuwa anakoroma sana. Akanyamaza. Nikashukuru, nikasema angalau leo kapata usingizi mzuri." Nilimshika mkono.

Nilizima kitanki, nikalala.

Adhana ya alfajiri iliniamsha. Koo lilikuwa kavu, lakini mashine ilikuwa bado inafanya kazi. Nilipofungua mlango nikamkuta shemeji ameketi mkekani kwenye korido, kajifunika kanga.

"Hukulala?"

"Nilikuwa sisikii kitu, shemeji. Hata mkoromo mmoja. Nikafungua mlango, nikaona shuka inapanda na kushuka. Nikatoka. Baadaye nikaja kuangalia tena."

Saa nne nilimuozesha Zuhura. Sauti yangu ilikwaruza, lakini kila mtu alinisikia.

Jumatatu niliondoka. Katika safari hii nimejifunza kuzima kitanki nikiwa kwenye betri, na kuchaji kila ninapokutana na umeme, hata kama ni wa dakika chache. Nimejifunza pia kumweleza mwenyeji mapema. Wakati bodaboda inaunguruma nilimwambia shemeji, "Siku nyingine ukisikia kimya, ujue napumua."

"Basi uje wakati wa mavuno," alisema. "Nami nitalala."