Gorogoro Kwenye Kifyatulio

Nilichoka na kidole changu kabla ya kuchoka na bastola. Miaka mingi ya kushona midomo ya magunia ya mahindi imekipinda, na asubuhi za baridi hakikunjiki. Leseni ya silaha niliipata baada ya wezi kuvunja ghala letu hapa Kakamega mara ya pili. Kisha alfajiri moja nikasikia mtu mlangoni pa ghala, nikalenga, nikavuta kifyatulio. Kidole kikagoma. Aliyetokea alikuwa mke wangu na ndoo ya maziwa.

Sikumwambia kwamba nilivuta. Nilichomwambia ni kwamba kifyatulio cha kiwandani ni kigumu, nataka chepesi. Aibu ya mtu mzima ina akili zake: badala ya kuogopa nilichokaribia kufanya, niliogopa kwamba siku mwizi akija kweli nitashindwa tena.

Fundi wa silaha mwenye kibali akaja Jumamosi na vifyatulio viwili vya kubadilisha. Kimoja cha alumini, bapa, chekundu kama kucha za bibi harusi. Kingine cha plastiki ngumu, kimepinda kidogo. Alivisifu vyote hadi nikasinzia. Nilipouliza kila kimoja kinataka nguvu kiasi gani, akapekua mkoba na kukuta mizani yake ameisahau Eldoret. Mke wangu, ambaye hajawahi kukosa kipimo maishani, akaleta gorogoro, lile bati tunalopimia wateja mahindi.

Tukahakikisha bastola ni tupu, mara mbili. Fundi akaishika mdomo juu, tukalining'iniza bati kwa kamba kwenye kifyatulio, mke wangu akamimina mahindi kidogo kidogo mpaka kikaachia. Cha kiwandani kilitaka gorogoro pomoni na kilele juu yake, kile kilele tunachowanyima wateja. Fundi akabadilisha. Cha plastiki, robo tatu. Cha alumini hakikufika hata nusu.

Nilikijaribu. Kidole kikatii bila maumivu. Nilipaswa kufurahi, lakini nikaiweka bastola mezani, nikatafuta kiti.

Mke wangu alikuwa bado ameshika bati, anayatazama yale mahindi machache ndani yake.

"Baba watoto," akasema, "mimi hupitanga hapo ghala kila asubuhi. Ile siku nilikukuta na hii kitu mkononi. Ulivuta?"

Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

"Nilivuta," nikasema.

Akarudisha mahindi guniani yote, hata punje zilizoanguka mezani, akaenda kumchemshia fundi chai. Jumatatu nilirudisha bastola polisi, na sikumbuki afisa aliniuliza nini. Mke wangu hajawahi kunilaumu. Ila tangu siku hiyo haingii mlango wowote wa nyumba yetu, hata mchana, hata akiniletea chakula, kabla ya kusema kwa sauti, "Ni mimi."