Maji ya Baraka Ndani ya Betri

Veturia Bârlea alitumikia kiwanda cha zinki miaka ishirini na tisa, na kilipofungwa hakutoka na kitu ila ujuzi wake na makovu mawili ya potashi, ile dawa kali ya betri, kwenye mkono wa kushoto. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kusema kwamba betri za zinki alizoziunda mwenyewe hazina ubaya wowote. Alisema tu kwamba haziwaki moto. Na katika kijiji kimoja cha mkoa wa Maramureș ambacho kanisa lake ni mbao tupu, tangu kizingiti hadi ncha ya mnara, hilo halikuwa neno dogo.

Aliyempinga alikuwa Toader, mwenyekiti wa baraza la parokia, ambaye ghala lake la majani makavu liliteketea kwa betri ya lithiamu ya baiskeli. Baada ya mabishano mengi, baraza lilimpa Veturia Kwaresima moja. Akaweka sanduku la betri chini ya ngazi ya mnara, paneli ya jua juu ya banda la padre, na taa nne mbele ya picha za watakatifu. Zikidumu hadi Jumapili ya Matawi, zitabaki. Zikishindwa, wazee watarudi kusoma zaburi kwa mishumaa, na mtu asimame kando na ndoo ya maji.

Kwa wiki tano taa ziliwaka bila kutetereka. Ijumaa ya mwisho, alasiri, katikati ya sala, zikafifia. Moja ikazimika kabisa.

"Dada Veturia," akanong'ona Toader, "betri yako inafunga saumu kutushinda sisi."

Sala ilipokwisha, Veturia alifungua sanduku mbele ya wote. Kwenye mifuniko palikuwa na ukoko mweupe, na ndani mapovu yasiyo ya kawaida.

"Nani ameongeza maji humu?"

Mzee Gavrila, mhudumu wa kanisa, akavua kofia. "Ni mimi, binti yangu. Chupa ya maji safi ya betri uliyoniachia iliisha, nawe ulikuwa mjini Cluj kwa mwanao. Nikaona kitu cha kanisa kipewe maji ya kanisa. Nikachukua ya Epifania."

Watu wakacheka. Veturia hakucheka. Maji ya Epifania, yanayobarikiwa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, huchotwa mtoni, nayo hubeba chokaa na chuma, maadui wakubwa wa zinki.

"Kosa ni langu, Mzee," alisema. "Ningekuachia chupa mbili."

Toader hakuridhika. "Betri ya mwanangu ilianguka ngazini mara moja tu, siku ya tatu ikanichomea ghala. Hii imenyweshwa maji ya mto wiki nzima. Itatufanya nini?"

"Imeshafanya, kaka. Imefifisha taa."

"Basi?"

"Inatoa mapovu pia, ndiyo maana nililitoboa sanduku matundu, hewa itoke. Na ukitia kidole humo, kitababuka kama mkono wangu. Basi."

Toader alipiga magoti, akaweka kiganja ubavuni mwa sanduku, akakiacha hapo kitambo kirefu. Lilikuwa baridi kama ukuta. Aliinuka akijipangusa magoti, akamwambia padre, "Zibaki, Baba."

Kulibaki jambo moja: maji ya baraka hayamwagwi mahali panapokanyagwa, hata yakichanganyika na potashi. Veturia, ambaye kiwandani alizoea kuona uchafu ukitupwa popote, aliyapoza makali kwa siki, tone kwa tone, jioni nzima, kisha Padre Ilarie akayazika chini ya ukuta wa mashariki.

Jumapili ya Matawi taa nne ziliwaka, betri ikiwa na potashi na maji mapya. Veturia alisisitiza kazi ya kuyaongeza ibaki kwa Mzee Gavrila. Kwenye rafu ya mhudumu aliweka chupa tatu za maji ya betri, na mzee akazisogeza mbali na chupa ya Epifania. Hata hivyo, kila anapozifikia, bado hufanya ishara ya msalaba kwanza, na Veturia hajawahi kumkataza.